Kompyuta Isipoiona Diski Yake

Mwalimu wa Handeni au Korogwe aliyehifadhi alama za wanafunzi wake katika kompyuta ya mapajani huenda akaiwasha baada ya likizo na kukuta kioo cheusi chenye maneno machache tu: diski haipo. Asikimbilie kuweka mfumo mpya wa uendeshaji, kwani kazi hiyo yaweza kufuta kila kilichomo.

Kwanza afungue ukurasa wa mipangilio, aghalabu kwa kubonyeza kitufe cha F2 mara tu baada ya kuwasha. Jina la diski likiwamo, huenda kasoro imo katika mafaili ya mfumo. Lisipokuwamo, atazame tarehe: ikiwa imerudi nyuma miaka mingi, betri ndogo ya volti 3 itunzayo mipangilio imekwisha, na pengine mpangilio wa diski umepotea pia. La sivyo, azime, aondoe chaja na betri kubwa, kisha aikaze diski mahali pake. Mitikisiko ya basi huweza kuilegeza.

Kuna dalili moja isiyostahili majaribio. Diski ya sahani huzunguka, aghalabu mara 5,400 kwa dakika, na kichwa chake cha kusomea huelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko hata chembe ya vumbi. Ikisikika ikigongagonga, izimwe papo hapo na kupelekwa kwa fundi, kwa maana kila mzunguko waweza kuikwaruza zaidi. Diski isiyogonga yaweza kuunganishwa na kompyuta nyingine kwa waya, na alama zinakiliwe kabla ya matengenezo yoyote.