Mti Unaonukia Shingoni

Ikifika Julai, ukungu hushuka Nyeri kutoka pande mbili, Nyandarua na Mlima Kenya, na siku nyingine jua halionekani hadi adhuhuri. Kufika saa kumi na mbili jioni, wanaume wanaoteremka kwenye matatu za Nairobi wamefunga zipu za jaketi hadi kidevuni. Mji uko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki uko juu zaidi. Watu wa huku wamejipanga na baridi kwa kila kitu: sweta, uji wa moto, jiko la makaa kwenye kona ya hoteli. Katika manukato tu ndiko tumebaki kuvaa vya watu wa joto.

Marashi mengi ya wanaume yanayouzwa mijini mwetu ni ya ndimu, chungwa na mnanaa. Mombasa yanafaa sana. Huku hayafiki mbali, na sababu yake si ubovu wa chupa. Harufu ni mvuke: lazima chembe za mafuta ziruke kutoka kwenye ngozi ndipo pua ya jirani izipate. Hewa ya baridi hupunguza kuruka huko. Chembe za ndimu ni nyepesi, kwa hiyo hizo chache zinazoruka huisha mapema, na baada ya saa moja mtu habaki na chochote. Chembe za miti, kama msandali na mwerezi, ni nzito. Huondoka polepole, zikisukumwa na joto la mwili wenyewe, na zikishika sufi ya sweta unaweza kuzikuta hapo kesho yake asubuhi. Ndiyo maana marashi ya baridi hutengenezwa kwa miti, utomvu, vanila na viungo kama mdalasini.

Vijana wameligundua hili bila kufundishwa. Nilisimama jioni moja kwenye kibanda cha marashi ya kupima karibu na steji. Rafuni kulikuwa na chupa za alumini zenye mafuta ya manukato, kila moja imebandikwa karatasi ya jina kwa kalamu ya wino. Mteja alikuwa kijana wa bodaboda, glavu bado mkononi. Alitaka kitu kizito. Muuzaji alifungua chupa, akachovya kipande cha karatasi, akakipungapunga kidogo kabla ya kumpa. "Boss, hii ni ya baridi. Ukijipuliza asubuhi, jioni bado iko." Kisha akavuta mafuta kwa bomba la sindano, akahesabu mililita mbele ya macho ya mteja, akajaziliza spiriti na kutikisa. Kijana alinusa kifuniko, akafumba macho kidogo, akalipa. Nilipouliza ni harufu ya nini, muuzaji alijibu kwa neno moja: mbao.

Neno hilo lilinirudisha kwa babu. Wako wazee wa milimani wanaoamini kwamba marashi ya mwanamume ni mambo ya pwani, ambako kanzu hufukizwa udi kabla ya sala ya Ijumaa. Lakini babu yangu, ambaye hakuwahi kumiliki chupa ya marashi, alinukia. Koti lake zito la sufi lilibeba moshi wa mutarakwa, mti ambao Waswahili wengine huuita mwangati na Waingereza waliuita mwerezi wa penseli kwa sababu uliwafaa kutengenezea penseli. Nguzo za ua wetu zilikuwa za mutarakwa. Ukipasua kipande cha nguzo kuukuu, nje ni kijivu kama jiwe, ndani ni chekundu, na harufu inayotoka ni kavu, tamu kidogo, kama ya kuchonga penseli mpya siku ya kufungua shule. Mabingwa wa manukato wa Ulaya huiita harufu hiyo ya kiungwana na kuiuza kwa bei ya juu. Sisi tulilala nayo bure.

Wala si Wakikuyu peke yao. Wamaasai na Wasamburu hufukiza vibuyu vya maziwa kwa vijinga vya mzeituni-mwitu, ambao Wamaasai huuita oloirien, na moshi wake huingia kwenye maziwa na kubaki humo. Harufu ya mti kwa jioni ya baridi ilikuwa huku kabla ya chupa yoyote kufika. Kwa hiyo sioni aibu yoyote mwanamume wa Karatina au Othaya kupenda kunukia mti, na sioni kuwa ameiga mtu.

Kinachonisumbua ni miti yenyewe. Tunayo mitatu inayonukia kuliko mingine, na yote imepigwa shoka. Mutarakwa umekwisha mashambani na sasa unatafutwa msituni. Muthaiti, ule mti mkubwa wa miteremko yenye mvua ambao mbao zake hunukia kafuri, ulipigiwa hesabu mwaka 1999 pale Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilipoukagua msitu wa Mlima Kenya kwa ndege. Kutoka angani ilionekana zaidi ya miti 6,700 ya muthaiti iliyokatwa bila kibali. Mwaka uliofuata usimamizi wa msitu huo ulikabidhiwa KWS. Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe hapa Nyeri, alikuwa amepigia kelele ukataji wa misitu kwa zaidi ya miaka 20 kufikia wakati huo.

Wa tatu ni msandali wa Afrika Mashariki, na huu ndio unaohusu shingo zetu moja kwa moja. Wakikuyu huuita muthithii. Si mti wa kujivuna: mara nyingi ni kichaka tu cha nyanda kavu, na unaweza kuupita mara mia bila kuutazama. Wafugaji huchemsha magome na mizizi yake kwenye chai na supu. Msandali wa India ulipoadimika na bei yake kupanda, wanunuzi wa mafuta ya manukato waligeukia huu wetu. Samburu, Laikipia, Kajiado na kwingineko, vichaka vikaanza kupotea usiku. Mafuta yamo zaidi kwenye mizizi na sehemu ya chini ya shina, kwa hiyo mwizi wa msandali hakati, bali anang'oa. Hapabaki kisiki cha kuchipua, linabaki shimo. Tena msandali una jike na dume, kila mmoja mti wake, na ukiondoa wengi mahali pamoja, waliobaki huwa mbali mno kuzaliana.

Serikali ya Rais Mwai Kibaki, mwana wa Othaya, ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007. Mwaka 2013, kwa pendekezo la Kenya, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, CITES, uliuingiza kwenye Kiambatisho cha Pili, maana yake hauwezi kuvuka mpaka kihalali bila kibali. Pamoja na hayo, malori yenye magogo yake yanaendelea kukamatwa barabarani. Yanakamatwa kwa sababu mnunuzi bado yupo, na mwisho wa mnyororo huo ni mtu anayejipuliza.

Hapa nina msimamo ambao baadhi ya wapenzi wa marashi hawaupendi. Wao hutaka mafuta halisi na kudharau harufu ya maabara. Mimi naichagua ya maabara. Kampuni ya Givaudan ya Uswisi imetengeneza Sandalore na Javanol, harufu za msandali zinazoanzia kwenye mafuta ya misonobari, mti unaopandwa na kuvunwa kama zao. Wamarekani wa kampuni ya IFF walitoa Iso E Super katika miaka ya 1970, yenye ulaini wa mwerezi, na hiyo ndiyo imebeba sehemu kubwa ya Terre d'Hermès ya mwaka 2006, mojawapo ya marashi ya miti ya wanaume yanayopendwa zaidi duniani. Kama hiyo inatosha kwa Paris, inatosha kwa Nyeri. Tena yale mafuta ya kibandani, kwa bei ile ya mililita, karibu yote ni ya maabara, na kijana wa bodaboda hana deni kwa msitu wowote.

Ukiyapata marashi hayo, yatumie kwa kiasi. Mpulizo mmoja kifuani chini ya sweta na mwingine shingoni vinatosha, kwa sababu madirisha ya matatu huwa yamefungwa na abiria wenzako hawana pa kukimbilia.

Msandali wa mti uachie ardhi, na ukiwa na shamba pembe za Kieni au Laikipia, uongeze. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, imeshughulikia uoteshaji wa miche yake. Usipande mmoja, panda kadhaa ili jike na dume wapatikane, na uiweke karibu na miti mingine, kwa maana mizizi ya msandali hushika mizizi ya jirani na kula kutoka humo. Na siku muuzaji atakapokuambia kwa fahari kwamba mafuta yake ni ya msandali halisi wa Kenya, muulize mti ulitoka wapi na kwa kibali gani. Akishindwa kujibu, mrudishie chupa yake.