La Paz: Mji Ambao Wafanyakazi Hupita Angani

Ndugu msomaji, mgeni afikapo katika mji mkubwa aghalabu huulizia kwanza makumbusho na majengo ya kale. Ukijaliwa kufika La Paz, makao ya Serikali ya Bolivia, ulizia kwanza kituo cha magari ya kamba.

Mji huu umelala bondeni, kiasi cha mita 3,600 juu ya usawa wa bahari. Ukingoni mwa bonde, mita 400 hivi juu zaidi, upo El Alto, mji wa wafanyakazi na wachuuzi, wengi wao wakiwa Waaymara. Kwa miaka mingi wakazi wake waliteremka kazini asubuhi na kurudi jioni kwa mabasi madogo, katika barabara za kupindapinda zenye msongamano. Saa ambazo zingekuwa za watoto wao ziliishia njiani.

Mwaka 2014 shirika la umma liitwalo Mi Teleférico lilifungua Njia Nyekundu. Kamba nene ya chuma huzunguka juu ya nguzo ndefu bila kusimama, ikibeba vibanda vyenye madirisha mapana na viti kumi kila kimoja. Kibanda kiingiapo kituoni huiachia kamba na kutambaa polepole ili abiria washuke na wengine wapande. Kisha huishika tena. Kikikupita kimoja, kingine ki nyuma yake. Baada ya dakika kumi hivi umefika juu.

Keti dirishani. Chini utaona makaburi makuu ya mji, mapaa ya mabati na nguo zilizoanikwa. Kwa mbali, mawingu yakipisha, mlima Illimani wenye theluji, unaozidi mita 6,400. Siku za Alhamisi na Jumapili, soko kubwa la El Alto hufurika jirani na kituo cha mwisho. Ila tembea taratibu, maana hewa huko ni nyepesi na pumzi hukatika upesi.

Kisha mtazame aliyeketi mkabala nawe. Kufikia mwaka 2019 njia zilikuwa kumi, zikiunganisha El Alto hata na mitaa ya wenye nacho kusini mwa bonde. Mama wa sokoni mwenye sketi pana na kofia ya duara, karani na mwanafunzi huketi goti kwa goti.

Kwingineko magari ya namna hii aghalabu hutundikwa milimani kwa ajili ya watalii. La Paz imeyatundika kwa ajili ya mfanyakazi, naye mgeni hukaribishwa kupanda pamoja naye. Hilo, ndugu msomaji, lapita mandhari yote.