Mnara wa simu na simu ya sikioni: kipi kinakufikia zaidi?

Wadau, mnaijua ile "trrr-trrr-trrr" inayoingia kwenye redio kabla tu simu haijaita? Hapo redio yako imeshakupimia mawimbi. Simu ya 2G hairushi mfululizo, inarusha kwa mapigo: mara 217 kwa sekunde, kila pigo kama nusu milisekunde, halafu kimya. Kwenye megahezi 900 pigo hufika hadi wati 2, ila wastani ni robo wati tu, maana inarusha sehemu moja kati ya nane ya muda.

Sasa tuje Akheri. Mnara ukisimama tu, maneno yanaanza: mwenye kiwanja anakula kodi, majirani tunakula mionzi. Tupige hesabu. Chukua antena ya wati 20 inayoelekeza nguvu mbele mara 50, yaani kama wati 1,000 upande huo. Ukiwa mita 50 mbele yake kabisa, unapata kama wati 0.03 kwa mita ya mraba. Kikomo cha kimataifa cha ICNIRP kwa raia, kwa masafa hayo, ni 4.5.

Lakini hesabu hiyo inadanganya ukiwa karibu. Antena yenye urefu wa mita 2 inahitaji kama mita 24 ndipo mawimbi yatulie. Kwa mita 2, fomula ile ile inatoa 20. Ukichukulia nguvu imesambaa kama kwenye ukuta wa pipa, unapata namba ndogo zaidi. Ipi kweli? Hapo lazima kupima, sehemu nyingi na kimo tofauti, kilele cha pigo na wastani wake. Ndiyo maana fundi hapaswi kukaa mbele ya antena inayorusha.

Sasa simu yako iko sentimita ngapi kutoka kichwani? Tena kule mabondeni, mtandao ukiwa dhaifu, simu inapandisha nguvu yenyewe. Kumbe kuung'oa mnara kunaweza kuifanya simu irushe zaidi!

Tunyamaze basi? Hapana. Kwa Sheria Na. 7 ya 2003, kudhibiti mionzi ni kazi ya Tume ya Nguvu za Atomu (TAEC), na ina maabara hapo Njiro tu. Kijiji kiombe vipimo. Wakija, msikubali kuambiwa "hakuna tatizo" bila namba: imepimwa wapi, saa ngapi, wastani au kilele?

Karibuni tujadili.