Lihoji Wazo Kabla Hujamjibu Mwenzio

Nyumba nyingi za Ujiji, Katonga na Kibirizi, hapa mkoani Kigoma, hufuata kalenda ya mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta hadi kwenye wavu. Mbalamwezi ikitanda, taa hazifui dafu, na vipe, yaani boti za wavuvi, hupumzika ufukweni. Baba anashinda nyumbani, mfuko unakonda, deni la dukani linapanda. Mwaka 2024 hali hiyo ilidumu miezi 3 mfululizo, uvuvi uliposimamishwa Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane.

Ukata ni wa kweli, na hakuna mazungumzo yanayojaza sufuria. Lakini nyumba mbili zenye ukata uleule zinaweza kuupitia kwa namna tofauti: moja ikakaa ikapanga, nyingine ikagombana hadi majirani wakaja kuamua. Mara nyingi tofauti iko kwenye kitu kinachopita upesi sana kati ya tukio na hasira, nacho ni wazo.

Chukua mfano huu. Mke anaanua dagaa wa mwisho kichanjani. Mume ameketi barazani, kimya.

"Baba Zuhura, hela ya unga ipo?"

"Kwani mimi naiokota?"

Mke anakaza kanga yake na kuondoka bila neno. Usiku, kila mmoja amegeukia upande wake.

Swali lilihusu unga. Mume alichosikia ni, "Wewe si mwanamume wa kutegemewa." Na mke, kwa jibu lile, alijiambia, "Amenichoka huyu. Labda yupo mwingine." Mawazo hayo hayakutamkwa wala kukaguliwa, lakini ndiyo yaliyowagombanisha.

Miaka ya 1960, daktari Aaron Beck wa Marekani alibaini kwamba wagonjwa wake wa sonona walipitiwa na mawazo ya haraka ya namna hii, na waliyaamini bila kuyahoji. Akawafundisha kuyakamata na kuyapima kwa ushahidi.

Tiba za mkondo huo zimefika ng'ambo ya ziwa letu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwahusisha wanawake 405 wa vijiji vya Kivu Kusini na Kivu Kaskazini walionusurika ukatili wa kingono. Baadhi yao walipata tiba ya kuchunguza mawazo, wakikutana kwa vikundi. Wengine walipata usaidizi wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Miezi 6 baada ya tiba, waliokuwa bado na dalili nzito za sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 9 katika kundi la kwanza na asilimia 42 katika la pili. Waliotoa tiba hiyo hawakuwa madaktari, bali wasaidizi Wakongo waliofunzwa kazi.

Mkoani kwetu, katika kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, tiba hiyo ilirekebishwa kwa ajili ya wakimbizi wa Kikongo waliokuwa wakiteswa na wenzi wao. Mpango huo, uliopewa jina la Nguvu, ulikuwa na vipindi 8, ukiunganisha uchunguzi wa mawazo na ushauri wa usalama.

Msingi wake unaweza kuutumia nyumbani. Gawa ukurasa wa daftari safu tatu: tukio, wazo, hisia. Kwenye tukio andika tu kile ambacho shahidi angekiona au kukisikia: "Aliuliza hela ya unga." Kwenye wazo: "Ananidharau." Kwenye hisia: "Aibu, hasira." Kisha jihoji. Ushahidi wangu ni upi? Kuna maelezo mengine? Rafiki yangu angenieleza jambo hili, ningemwambia nini?

Mume wetu akijihoji hivyo atakumbuka kwamba juzi ni mkewe aliyekwenda kukopa kwa jirani ili wanawe wale, bila kumtangaza kwa mtu. Anayekudharau hakustiri hivyo. Hapo anaweza kusema: "Mama Zuhura, jana nilikujibu vibaya. Hela sina, na naona aibu. Tukae tupange." Asiyejua kuandika afanye kwa mdomo, na mtu anayemwamini.

Ujiji tunao wazee, masheikh na makungwi wanaosuluhisha ndoa. Wao hupima nani kakosa na nini kifanyike, na kazi yao ina heshima. Mtaalamu wa saikolojia hahukumu. Huuliza mpaka mtu mwenyewe asikie alichokuwa akijiambia. Ndoa moja inaweza kuwahitaji wote.

Zoezi hili lina mpaka. Mwanamke anayepigwa asiambiwe akachunguze mawazo yake, kwa maana hofu yake ina ushahidi tosha. Kwake usalama ndio wa kwanza: aende Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii. Na mtu ambaye kwa wiki mbili halali, hali, hafurahii chochote, asiachiwe daftari. Apelekwe kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Anayetaja kujiua apelekwe leo hii, na asiachwe peke yake.

Kwa wengine wote, anzeni na ugomvi mdogo, wa wiki iliyopita, ambao umeshapoa. Hasira ikiwa imepanda, akili haijifunzi kitu kipya. Hutumia ilichokwisha kukizoea. Ndiyo maana mazoezi hufanywa siku ya amani.