Kioo cha Basi

Juma hili nazungumzia vigae. Jumatatu nilipanda basi dogo. Jiwe liliruka barabarani likapiga dirisha la ubavuni, kioo kikapasuka vipande virefu kama visu, na mama aliyeketi mbele yangu akachanwa mkono. Kondakta alisema ni bahati mbaya. Mimi nasema sivyo.

Kioo hakivunjiki ovyo. Mwaka 1921 Mwingereza A. A. Griffith alieleza kuwa kioo kina nyufa ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Kikivutwa, nguvu hujikusanya kwenye ncha ya ufa, na ufa ukipita kiasi fulani hukimbia wenyewe, tena kwa zaidi ya mita 1,000 kwa sekunde. Mafundi vioo walilijua hilo zamani kwa mikono yao: kioo hawakipigi msumeno, hukikwaruza kwa almasi wakakipinda, nacho hufuata mkwaruzo.

Kioo cha dirisha la nyumba hupasuliwa na nyufa chache, ndiyo maana vigae vyake ni vikubwa. Cha ubavuni mwa gari hupikwa hadi nyuzi 600 na ushei, kisha hupulizwa hewa baridi ghafla. Ngozi yake hukakamaa kwanza. Tumbo linapopoa baadaye hutaka kunywea, ngozi inakataa; basi ngozi hubaki imebanwa, tumbo limevutwa. Ngozi iliyobanwa hufumba nyufa, kioo kikawa kigumu. Lakini ufa ukifika tumboni, nguvu iliyofungwa humo huachiwa mara moja, ufa hutawanyika matawi kwa matawi, na kioo kizima humwagika chenga chenga butu.

Kwa hiyo kioo kilichopikwa hakikatiki tena, ukikijaribu kinakumwagikia. (Cha mbele ni habari nyingine: ni vioo viwili vilivyogandishwa kwa plastiki katikati, vigae vikabaki vimenata.) Basi ukimwona fundi kando ya barabara akikata kioo kitupu kwa almasi kienee dirisha la basi, jua anaweka kioo cha kabati.

Nilimwuliza mwenye basi. Akanijibu kuwa cha kiwandani ni ghali. Kilichopikwa kwa kawaida huwa na alama ndogo ya kiwanda konani, itazameni. Kwenye basi lile, madirisha mengine matatu hayakuwa na alama yoyote, na jioni hiyo hiyo lilikuwa linapakia abiria.