Kanisa la Udongo Katika Nchi ya Chai

Mtu wa pwani aliyezoea kuta za matumbawe na chokaa, akifika Sotik ataona makanisa ya vijijini ya mawe na mabati. Mimi nilikwenda kuuliza habari za yale yaliyotangulia, nayo yalikuwa ya udongo.

Zamani Wakipsigis hawakuwa na nyumba ya ibada. Walimwomba Asis, Mungu wao, wakielekea jua linapochomoza, na kafara zao za pamoja zilifanywa uwandani, mahali paitwapo kapkoros. Nyumba zao zilikuwa za mviringo. Basi kanisa lilipokuja, kigeni hakikuwa udongo wala nyasi za kuezekea, bali zile pembe nne, na jambo la kwenda kumwomba Mungu ndani ya kuta.

Waliolileta walipitia kwetu. Mmarekani Willis Hotchkiss alishuka Mombasa mwaka 1895 pamoja na kundi la kwanza la Africa Inland Mission. Mwaka 1902 alikuwa miongoni mwa walioanzisha misheni ya Kaimosi, kisha akaenda kwa Walumbwa, kama Waingereza walivyowaita Wakipsigis. Majira yale yalikuwa mabaya. Mwaka 1905 jeshi la serikali liliipiga Sotik, likaua watu na kuswaga maelfu ya ng'ombe, na ardhi nzuri ikaangukia mikononi mwa walowezi. Mzungu aliyekuja baada ya hayo na kitabu mkononi, nani angemwamini upesi? Katika miaka ya 1930 kazi ile ilishikwa na World Gospel Mission, kituo chao kikiwa Tenwek, karibu na Bomet, na kutokana nayo likakua Africa Gospel Church.

Lakini kuta zilikandikwa na wenyeji. Watu wa kokwet, yaani majirani, walisimika miti na kufunga fito. Wanawake wakakanyaga udongo, wakakandika, wakasiliba kwa samadi ya ng'ombe. Siku za kazi jengo lilelile lilikuwa shule. Mvua za huko hazina huruma, hivyo kusiliba hakukuwa na mwisho.

Lijapo kanisa la mawe, lile la udongo huvunjwa, na kwenye jiwe la msingi huandikwa jina la mgeni wa heshima. Naona hiyo ni dhuluma. Wala sisi pwani tusicheke: tulipoezua makuti ya misikiti ya mitaani tukamwaga zege, waliobeba boriti tuliwaandika wapi? Wazee niliozungumza nao Sotik wangali wakikumbuka ni boma lipi lililotoa mti wa nguzo ya kati.