Je, Wajua Ubongo Unavyousoma Uso?

Uso wa kila binadamu umepangwa kwa namna moja: macho mawili juu, pua katikati, mdomo chini yake. Kinachomtofautisha mtu na mwenzake ni vijitofauti vidogo, aghalabu vya milimita chache, katika upana wa paji, nafasi kati ya jicho na jicho au umbo la taya. Tena uso haukai ulivyo. Hugeuka, huangukiwa na kivuli, hucheka, hununa, huota ndevu na kuzeeka. Pamoja na hayo yote, mtu anayepita sokoni Kariakoo humtambua jirani yake katikati ya umati kabla hata hajajiuliza ni nani. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walikadiria kwamba kwa wastani mtu anazijua nyuso zipatazo 5,000, zikiwemo za ndugu, majirani, waliosoma naye na watu mashuhuri anaowaona kwenye televisheni tu.

Kazi hiyo ina makao yake ubongoni. Taarifa za macho hupokelewa kwanza upande wa kisogoni, kisha zile zinazohusu utambuzi wa vitu husafiri kwenda mbele kwa kupitia sehemu ya chini ya ubongo, usawa wa panja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Charles Gross na wenzake nchini Marekani walikuta huko, katika ubongo wa kima, seli za neva ambazo hazikushughulika na mwanga wala mistari, bali zilichangamka mnyama alipoonyeshwa mkono au uso. Miaka mingi ilipita kabla matokeo hayo hayajakubaliwa.

Kwa binadamu ushahidi ulio wazi ulipatikana mwaka 1997. Nancy Kanwisher, Josh McDermott na Marvin Chun waliwaingiza watu kwenye mashine ya MRI inayoonyesha damu inakokwenda ubongoni, wakawaonyesha picha za nyuso, nyumba, mikono na vitu vya kawaida. Eneo dogo kama kunazi, lililo kwenye mkunjo uitwao fusifomu chini ya ubongo, liliitikia nyuso kuliko kitu kingine chochote, na kwa watu wengi lile la upande wa kulia ndilo lenye nguvu zaidi. Wapo wanasayansi wanaoshikilia kwamba eneo hilo ni la ubingwa wa kutofautisha vitu vinavyofanana, na kwamba nyuso ni ubingwa wa kila mtu tu. Mjadala huo haujafungwa. Lakini jaribio la mwaka 2012 katika Chuo Kikuu cha Stanford lina uzito wa pekee. Mgonjwa wa kifafa aliyekuwa amewekewa nyaya ubongoni kwa ajili ya matibabu alipitishiwa umeme kidogo kwenye eneo hilo, na papo hapo akaona uso wa daktari aliyesimama mbele yake ukivutika na kugeuka kuwa wa mtu mwingine. Mavazi na mwili wa daktari vilibaki vilevile. Uso peke yake ndio ulioharibika. Umeme ulipokatwa, uso ulirejea.

Seli zenyewe hufanyaje kazi? Mwaka 2006 Doris Tsao na Winrich Freiwald walichunguza sehemu moja ya ubongo wa kima na kukuta kwamba asilimia 97 ya seli zake zilizoitikia picha zilikuwa za nyuso. Mwaka 2017 Tsao na Le Chang walikwenda mbali zaidi. Hapo awali ilidhaniwa huenda kila mtu anayefahamika ana seli yake maalumu, yaani seli ya bibi, seli ya mwalimu, seli ya rafiki. Sivyo walivyokuta. Kila seli hupima mabadiliko ya aina moja tu ya umbo au rangi, na uso mzima ni jumla ya vipimo hivyo. Kwa kusikiliza seli zipatazo 200, watafiti waliweza kuchora upya uso ambao kima alikuwa akiutazama, na mchoro ukafanana mno na picha halisi. Kwa mpango huo idadi ndogo ya seli yaweza kueleza nyuso zisizo na idadi, hata za watu ambao hawajawahi kuonekana.

Yote hayo hufanyika upesi sana. Vihisio vya umeme vinapobandikwa kichwani hunasa wimbi mahususi la nyuso takriban milisekunde 170 baada ya picha kutokea.

Ubongo hauhesabu macho, pua na mdomo kimoja baada ya kingine. Huuchukua uso kwa jumla. Mwaka 1969 Robert Yin alionyesha kwamba picha ikipinduliwa juu chini, utambuzi wa nyuso huporomoka kuliko utambuzi wa nyumba au eropleni. Mwaka 1980 Peter Thompson wa York alichukua picha ya Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, akakata macho na mdomo, akavipindua na kuvirudisha mahali pake. Picha nzima ikiwa juu chini, mtazamaji haoni kasoro kubwa. Ikisimamishwa, hushtuka kuona sura ya kutisha. Sehemu zilikuwa zilezile wakati wote, ila uhusiano wake ndio ambao ubongo hausomi ipasavyo uso ukiwa umepinduliwa.

Uwezo huu huanza mapema mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 1975 ulionyesha kwamba watoto waliozaliwa dakika chache tu zilizopita hufuata kwa macho mchoro unaofanana na uso kuliko mchoro wenye vipande vilevile vilivyovurugwa. Mtoto huja na mwelekeo huo, kisha malezi humfundisha yaliyobaki, na malezi hayo hayaongezi tu, hupunguza pia. Mwaka 2002 Olivier Pascalis na wenzake waligundua kwamba watoto wa miezi 6 hutofautisha kima mmoja na mwingine kwa sura, ilhali wale wa miezi 9, sawa na watu wazima, hushindwa. Ubongo umekwisha kuegemea nyuso ambazo mtoto anakutana nazo kila siku.

Ndiyo maana watu waliokua miongoni mwa watu wa asili moja huona kana kwamba watu wa asili nyingine wote wanafanana. Mzungu mgeni huwachanganya Waafrika, na Mwafrika aliyekulia kijijini huwachanganya Wazungu au Wachina. Chanzo chake ni mazoea, wala si damu. Watu waliozaliwa Korea na kulelewa na familia za Ufaransa tangu utotoni walipopimwa ukubwani, walitambua nyuso za Wazungu vizuri kuliko za Waasia.

Kwa baadhi ya watu uwezo wenyewe haupo. Mwaka 1947 daktari wa Kijerumani Joachim Bodamer alieleza habari za askari kijana aliyepigwa risasi kichwani. Askari huyo aliona macho, pua na mdomo, lakini hakuweza tena kuwatambua watu wake kwa sura, wala hata uso wake mwenyewe kwenye kioo. Bodamer aliita hali hiyo prosopagnosia. Baadaye ilibainika kwamba wengine huzaliwa nayo bila jeraha lolote. Makadirio mengi yanataja watu 2 hivi katika kila 100. Huwatambua wenzao kwa sauti, mwendo, nywele au nguo, na wengi hufika utu uzima bila kujua kwamba wenzao wanaona tofauti. Jamii huwahukumu kwa ukali, maana asiyemwamkia anayemfahamu huitwa mwenye maringo. Oliver Sacks, daktari wa ubongo na mwandishi maarufu, alikuwa nayo. Kuna pia kinyume chake: watu wachache sana wenye kipaji cha kukumbuka uso waliouona mara moja miaka mingi iliyopita. Polisi wa London wamewatumia kuwasaka wahalifu kwenye picha za kamera za mitaani.

Ugonjwa mwingine, uliopewa jina la daktari Mfaransa Joseph Capgras aliyeueleza mwaka 1923, unafundisha jambo jingine. Mgonjwa humwona mke au mama yake, akakiri kwamba sura ni ileile, lakini akashikilia kwamba huyo ni mtu mwingine aliyejifananisha naye. Vipimo vimeonyesha kwamba ngozi ya wagonjwa hao haitoi jasho lile dogo ambalo kwa kawaida huambatana na kuona uso wa mtu wa karibu. Sura imetambuliwa, ila mapenzi yanayopaswa kuja pamoja nayo hayakufika.

Hata kwa mtu mzima wa afya, kuna pengo kubwa kati ya uso anaoujua na uso wa mgeni. Mwaka 2011 Rob Jenkins na wenzake waliwapa Waingereza picha 40 wazitenganishe kufuatana na mtu. Picha zilikuwa za wanawake wawili tu, watu mashuhuri wa Uholanzi, lakini Waingereza walidhani wanaona watu 7 au 8. Waholanzi walizigawa mafungu mawili bila taabu. Mahakama za Afrika Mashariki zimeishi na hatari hiyo ya kukosea uso wa mgeni kwa muda mrefu. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliweka msingi kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Ikataka yaangaliwe mambo kama muda ambao shahidi alimtazama mtuhumiwa, umbali uliokuwapo, mwanga, na kama alimfahamu kabla. Hilo la mwisho ndilo ambalo maabara zimelithibitisha kwa nguvu zaidi.

Kutambua hali ya moyo kwa kutazama uso ni kazi nyingine, na kwa sehemu hupita njia nyingine. Nyendo za uso, yaani kutazama upande, kufumba macho, midomo inayosema, husomwa hasa kwenye mfuo mrefu wa ubavuni mwa ubongo, juu ya sikio. Uso wenyewe una misuli ipatayo 40, mingi ikishika ngozi badala ya mfupa, ndiyo maana ngozi hukunjamana kwa wepesi. Mwaka 1862 Mfaransa Duchenne de Boulogne alieleza kwamba tabasamu la furaha ya kweli huvuta pembe za mdomo na pia misuli inayozunguka macho, na kwamba hiyo ya macho haitii amri kwa urahisi. Kiharusi kinalithibitisha hilo kwa namna yake. Mgonjwa akiambiwa atabasamu, upande mmoja wa mdomo hausogei. Akisikia jambo la kuchekesha, uso mzima hucheka.

Katika kusoma hofu, kiungo kidogo cha ndani kiitwacho amigdala kina nafasi yake. Mwanamke mmoja wa Marekani, anayejulikana katika maandiko ya sayansi kwa herufi S.M., alipoteza amigdala zote mbili kwa ugonjwa adimu. Mwaka 1994 Ralph Adolphs na wenzake waliripoti kwamba alishindwa kutambua uso wenye hofu. Miaka 11 baadaye sababu ilijulikana: alikuwa hatazami macho ya watu. Alipoelekezwa ayatazame, aliitambua hofu kama mtu mwingine yeyote. Amigdala, basi, huelekeza jicho mahali penye habari.

Je, sura za hisia ni zilezile duniani kote? Charles Darwin aliamini hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1872. Karne moja baadaye Paul Ekman na Wallace Friesen waliwapelekea Wafore wa Papua New Guinea picha na visa vifupi, wakaripoti mwaka 1971 kwamba Wafore walioanisha furaha, huzuni, hasira na karaha kama Wamarekani walivyofanya, ingawa hofu na mshangao havikutenganishwa vizuri. Tafiti za karibuni zimelitikisa wazo hilo. Wahimba wa Namibia, walipoachwa wapange picha watakavyo, hawakufuata mafungu yaliyotarajiwa, na mara nyingi walitaja kitendo, kama kucheka au kutazama, badala ya hisia iliyofichika. Katika visiwa vya Trobriand, Papua New Guinea, uso wa macho yaliyokodolewa na mdomo wazi, ambao Ulaya huitwa wa hofu, ulichukuliwa kuwa wa kutishia. Kwa Wahadza wa kaskazini mwa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulipata ushahidi mdogo tu wa usomaji wa hisia ulio sawa kwa watu wote.

Hata ndani ya utamaduni mmoja, uso peke yake haujitoshelezi. Mwaka 2012 Hillel Aviezer, Yaacov Trope na Alexander Todorov walikusanya picha za wachezaji wa tenisi dakika ya kushinda au kushindwa. Walioonyeshwa uso tu walishindwa kujua nani kashinda. Walioonyeshwa mwili bila uso walijua. Na uso wa mshindi ulipobandikwa kwenye mwili wa aliyeshindwa, watazamaji walimwona kuwa ameshindwa, huku wakiamini kwamba wameyasoma hayo usoni.